Kukinga redio na amplifaya za kale dhidi ya mkurupuko wa stima

REDIO ya valvu iliyonunuliwa enzi ambapo shirika la utangazaji la taifa lilijulikana kama Sauti ya Kenya, jina lililodumu kutoka 1964 hadi 1989, inaweza kuimba kutwa nzima bila tatizo lolote. Kinachoitaabisha si kuimba bali kuwashwa. Katika sekunde ya kwanza baada ya swichi kubonyezwa, mashine hiyo humeza umeme mwingi mara kadhaa kuliko ule inaotumia ikiwa imetulia, na ni katika sekunde hiyo ambapo transfoma, kapasita na swichi zenye umri wa miaka 50 au 60 hujaribiwa kuliko wakati mwingine wowote.

Dalili zake wengi wanazijua bila kujua maana yake. Taa ya kidirisha cha stesheni humulika kwa nguvu kisha ikafifia. Transfoma hunguruma mara moja, kama kitu kilichopigwa teke. Balbu ya sebuleni hupepesa. Siku nyingine fyuzi hukatika, na siku ya pili yake, baada ya fyuzi mpya kutiwa, mashine huwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa kuwa jambo lenyewe huja na kutoweka, mwenye mashine hulidharau hadi jioni moja chumba kinapojaa harufu ya nta iliyoungua.

Harufu hiyo ni ya transfoma. Kampuni nyingi zilizotengeneza mashine hizi zilifunga au zikaacha kazi hiyo zamani, na vipuri vyake havipo tena madukani. Transfoma iliyoungua haina budi kusukwa upya kwa mkono, kazi ya siku kadhaa inayowezwa na mafundi wachache. Na hasara haiishii kwenye mbao na waya. Zipo nyimbo za miaka ya 1960 na 1970 zilizorekodiwa Nairobi ambazo leo hupatikana kwenye sahani za santuri na kanda pekee, na anayetaka kuzisikia au kuzihifadhi anahitaji mashine ya aina yake iliyo hai.

Kabla ya kutafuta kinga, kuna dhana moja inayopaswa kuondolewa. Wengi huamini kwamba wakishachomeka mashine yao kwenye soketi ya kurefusha iliyoandikwa kwamba inazuia mawimbi makali ya umeme, basi wamemaliza kazi. Soketi hizo zina kijenzi kiitwacho varista, ambacho hunywa volti za ghafla zinazotoka nje, kwa mfano radi inapopiga karibu na nguzo. Mkurupuko unaozungumziwa hapa hautoki nje. Huitwa na mashine yenyewe. Stima inaweza kuwa safi, imetulia kwenye volti 240 bila kuyumba hata kidogo, na bado amplifaya ikajiumiza kwa pupa yake ya kuvuta umeme inapowashwa. Varista haioni kosa lolote hapo, maana volti hazijapanda. Kilichopanda ni mkondo.

Pupa hiyo inatoka wapi

Chanzo cha kwanza ni kapasita zile kubwa, mikebe ya aluminiamu iliyosimama karibu na transfoma. Kazi yake ni kuhifadhi umeme na kuulainisha ili spika isingurume. Mashine ikiwa imezimwa kwa muda, kapasita huwa tupu, na kapasita tupu haina ukinzani wa maana. Kwa sehemu ndogo ya sekunde, umeme huona kana kwamba waya mbili zimegusanishwa. Hali hii hukoma kapasita inapojaa, lakini diodi, swichi na fyuzi huwa zimekwisha kulipa gharama.

Chanzo cha pili ni transfoma, na hapa ndipo palipo siri ya ile fyuzi inayokatika leo na kunusurika kesho. Umeme wa majumbani ni mkondo geu: hupanda na kushuka kama wimbi mara 50 kila sekunde. Tunaposema volti 240 tunataja wastani wa kazi yake. Kileleni wimbi hilo hufika takriban volti 339. Ikiwa swichi itafunga wimbi likiwa kileleni, chuma cha transfoma hupokea usumaku kwa utaratibu. Ikiwa itafunga wakati wimbi linapita kwenye sifuri, usumaku hujilimbikiza hadi chuma kinashiba, na koili iliyokizunguka hubaki kama waya mtupu. Tena, chuma huweza kuwa na masalio ya usumaku tangu mashine ilipozimwa mara ya mwisho, na masalio hayo huongeza au kupunguza madhara. Hakuna binadamu awezaye kubonyeza swichi akilenga sehemu fulani ya wimbi linalojirudia kila baada ya milisekunde 20. Ni bahati nasibu.

Tuchukue mfano wa amplifaya kubwa ya transista ya miaka ya 1970 yenye transfoma ya mviringo, ile yenye umbo la andazi lenye tundu. Koili yake ya kuingizia umeme inaweza kuwa na ukinzani wa omu 4 tu. Volti 339 zikigawanywa kwa 4 ni takriban ampea 85. Waya za nyumba hupunguza kiasi hicho, na hali yenyewe hudumu kwa milisekunde chache, lakini hiyo ni mashine ambayo ikituliza roho haifiki hata ampea 1. Transfoma za mviringo huathirika zaidi kuliko zile za mraba kwa sababu chuma chake hakina kiungo wala mwanya wowote wa kupunguza usumaku.

Chanzo cha tatu kinahusu valvu, vile vichupa vya kioo vinavyong'aa rangi ya chungwa. Ndani ya kila kimoja kuna uzi unaopashwa moto. Madini ya uzi huo, kama yale ya balbu ya kawaida ya zamani, huwa na ukinzani mdogo yakiwa baridi. Balbu ya wati 100 ikiwaka ina ukinzani wa omu 576. Ikiwa baridi hubaki na kama 40 hivi. Nyuzi za valvu hazipati moto mkali kama wa balbu, kwa hivyo tofauti si kubwa kiasi hicho, lakini bado mkondo wa kwanza huzidi ule wa kawaida mara kadhaa. Baadhi ya valvu zilizotengenezwa Uingereza na Uholanzi hutoa mmweko mweupe upande wa chini zinapowashwa. Wenyewe hushtuka, ingawa mara nyingi hilo ni umbile lake na si ugonjwa.

Wanaopaswa kuwa macho zaidi ni wenye redio zisizo na transfoma kabisa, zile ndogo zilizouzwa kwa ajili ya umeme wa aina zote mbili, mkondo geu na mkondo mnyoofu. Humo nyuzi za valvu zote zimeunganishwa kwa mfuatano, kama shanga kwenye kamba, zikipitisha ampea 0.1 au 0.15. Uzi wa valvu moja ukipata moto kabla ya wenzake, ukinzani wake hupanda kwanza na hujitwalia volti nyingi kuliko fungu lake. Watengenezaji walilijua tatizo hili. Huko Uingereza redio na televisheni nyingi za miaka ya 1950 zilitiwa kijiti cheusi chenye jina Brimistor, ambacho ni babu wa themista zinazotumika leo. Fundi akikikuta kijiti hicho kimeungua asikiruke kwa kuunganisha waya moja kwa moja, jambo ambalo limefanywa mara nyingi na watu waliodhani kwamba ni rezista isiyo na kazi.

Stima inayokuja na kwenda

Kenya inaongezea mambo mawili ambayo mtengenezaji wa Ujerumani au Marekani hakuyawazia sana. Jambo la kwanza ni kiwango cha umeme. Redio nyingi za Ujerumani za miaka ya 1950 na 1960 zilipangwa kwa volti 220, na za Marekani kwa takriban volti 117. Kwa hizi za Marekani hakuna anayekosea mara mbili, maana kosa la kwanza huwa ndilo la mwisho. Zile za volti 220 ndizo zinazohadaa, kwa sababu zikichomekwa kwenye volti 240 huimba vizuri. Hata hivyo, zimezidishiwa volti kwa asilimia 9, na joto katika nyuzi na rezista hupanda kwa takriban asilimia 19. Uzi wa valvu uliopangiwa volti 6.3 hupata karibu 6.9. Chuma cha transfoma nacho hukaribia kushiba hata kabla ya mkurupuko kuanza, na hivyo mkurupuko huwa mkali zaidi.

Amplifaya nyingi za Japani zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo zina kibao nyuma cha kuchagulia volti, na redio nyingi za Ulaya pia. Kukitazama kibao hicho ni kazi ya dakika moja, nayo inapaswa kutangulia nyingine zote. Kikiwa kwenye 220 na pana nafasi ya 240, kihamishwe mashine ikiwa imechomolewa. Mashine iliyopangiwa mizunguko 60 kwa sekunde peke yake, kama ilivyo Marekani, ina shida nyingine juu ya hiyo: hapa mizunguko ni 50, transfoma hupata joto zaidi, na gramafoni yenye mota inayofuata mizunguko hiyo itazungusha sahani polepole, kwa thuluthi mbili na nusu... au kwa hesabu iliyo wazi zaidi, kwa sehemu 5 kati ya 6 za kasi yake.

Jambo la pili ni kukatika kwa stima. Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikakaa gizani kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alinusurika. Usiku wa Agosti 25, 2023 giza liliitanda nchi tena, na maeneo mengi yakakosa stima hadi siku iliyofuata. Lakini kwa amplifaya ya kale, giza la saa nyingi si baya kama lile la sekunde mbili. Stima inapopotea na kurudi papo hapo, kisha ikapotea tena, mashine iliyoachwa ikiwa imewashwa hupigwa mkurupuko mara mbili au tatu ndani ya dakika moja. Isitoshe, stima hurudi majokofu na mota za mtaa mzima zikiwa zinaanza kwa pamoja, na volti huyumba juu na chini kabla ya kutulia.

Kwa sababu hiyo, kinga ya bei nafuu kuliko zote haina kijenzi ndani yake: stima ikipotea, mashine izimwe na ichomolewe, na isirudishwe hadi taa za nyumba ziwe zimetulia kwa dakika kadhaa. Asiyeweza kulikumbuka hilo, au anayeiacha redio ikiwaimbia watoto, anaweza kutumia kile kifaa cha kukinga jokofu kinachouzwa katika maduka ya vyombo vya umeme. Kifaa hicho hukata umeme volti zinapopanda au kushuka kupita kiasi, na stima inaporudi husubiri kwa dakika kadhaa kabla ya kuipitisha. Hakipunguzi mkurupuko wa kuwasha. Kinachofanya ni kuhakikisha kwamba unatokea mara moja badala ya tatu.

Themista na mipaka yake

Kwa mkurupuko wenyewe, dawa inayotumiwa zaidi ni themista. Ni kijenzi kidogo cha duara, mfano wa kitufe cha koti, chenye miguu miwili. Tabia yake ni kinyume cha uzi wa balbu: kikiwa baridi huwa na ukinzani mkubwa, na kikipashwa moto na mkondo unaokipitia, ukinzani wake huporomoka. Huunganishwa kwa mfuatano kwenye waya wa moto unaoingia kwenye transfoma, baada ya fyuzi na swichi. Themista ya omu 10 iliyopangiwa ampea 5 hubaki na sehemu ndogo tu ya omu moja ikipitisha mkondo wake kamili. Katika mfano wa amplifaya yenye koili ya omu 4, omu hizo 10 za mwanzo hupunguza kilele kutoka ampea 85 hadi kama 24.

Kuchagua themista si kuokota yoyote iliyopo sokoni. Amplifaya kubwa huhitaji inayostahimili mkondo wake wote bila kupasuka. Redio ya mezani inayotumia wati 50 huvuta takriban ampea 0.2 tu, na themista ya omu 10 haitapata joto la kutosha kubadilika. Hapo ile ya omu 100 na zaidi, iliyopangiwa mkondo mdogo, hufaa. Itabaki na omu kadhaa wakati wote na kula volti chache, jambo ambalo kwa redio ya volti 220 inayoishi kwenye volti 240 ni faida ya pembeni.

Themista hufanya kazi ikiwa moto sana, kiasi cha kuunguza kidole na kuyeyusha ngozi ya waya. Haipaswi kugusa mbao, plastiki wala kapasita. Miguu yake iachwe mirefu, na ifungwe kwenye kipande cha kushikia waya badala ya kuning'inia hewani. Zipo redio zilizookolewa na mkurupuko zikaunguzwa na kinga yake.

Udhaifu wake mkubwa ni ule unaoigusa Kenya moja kwa moja. Baada ya mashine kuzimwa, themista huhitaji dakika moja au zaidi kupoa. Stima ikipotea na kurudi kwa sekunde mbili, kapasita zitakuwa zimeanza kuisha umeme lakini themista ingali moto, ukinzani wake uko chini, na mkurupuko utapita kama mlangoni pasipo bawabu. Anayeitegemea themista pekee mahali ambapo stima hucheza namna hiyo amejikinga nusu. Ikiambatanishwa na kile kifaa kinachosubiri dakika kadhaa, upungufu huo huondoka.

Kwa amplifaya kubwa za transista kuna njia bora zaidi, nayo ni rezista na relei. Umeme huanza kupitia rezista ya waya, tuseme ya omu 47, ambayo haiwezi kuruhusu zaidi ya ampea 7 hata wimbi likiwa kileleni. Baada ya kama sekunde moja, relei hufunga na kuiruka rezista hiyo, na tangu hapo mashine hupata umeme wake wote bila kizuizi. Njia hii inafaa mashine ambazo hutumia umeme kidogo zikiwa kimya na mwingi muziki unapopamba moto, kwa kuwa themista katika mashine hizo haitulii, mara moto mara vuguvugu. Relei ikikataa kufunga, rezista ndiyo itakayobeba mzigo wote na kuungua, kwa hivyo fundi makini huifungia kando yake fyuzi ya joto inayokata mambo yakizidi. Relei ikifunga kabla ya wakati, kinga haipo, na hakuna atakayejua.

Valvu zilizobadilishwa kuwa diodi

Ugonjwa mmoja huletwa na matengenezo. Redio na amplifaya nyingi za valvu zilikuwa na valvu ya rektifaya, yaani inayogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kama vile EZ80 au GZ34. Valvu hizo huchukua sekunde kadhaa kupata moto na hutoa volti zake taratibu, wakati valvu nyingine nazo ziko tayari kuzitumia. Kwa maneno mengine, mashine hizo zilizaliwa na kinga yao. Valvu hiyo inapokufa, fundi mwenye haraka huweka diodi mbili za silikoni mahali pake. Ni rahisi na mashine huimba, tena kwa nguvu kuliko zamani.

Diodi haingoji. Huanza kazi papo hapo, valvu nyingine zikiwa baridi na hazitumii chochote, na volti hupanda hadi kileleni. Koili ya volti 300 itatoa takriban volti 424, na kapasita iliyoandikwa 350 haina jinsi ya kuzivumilia. Themista upande wa kuingilia umeme haitibu hali hii. Itachelewesha tu kupanda huko kwa muda mfupi. Kinachotakiwa ni kurudisha valvu ya asili, au kuweka relei ya kuchelewesha inayozuia volti kubwa hadi nyuzi zipate moto, pamoja na kapasita mpya za kiwango cha juu. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa vile vibao vya selenia vilivyotumika katika redio nyingi za Ujerumani: vina ukinzani wake wa ndani, na anayeweka diodi badala yake anapaswa kuongeza rezista ya kuufidia.

Kosa la upande wa pili ni la kuweka kapasita kubwa kuliko ya asili kwa tamaa ya kuondoa mngurumo. EZ80 iliruhusiwa kapasita ya kwanza isiyozidi maikrofaradi 50, na GZ34 isizidi 60. Anayeweka ya 220 kwa sababu ndiyo aliyoipata dukani huilazimisha valvu ya rektifaya kumeza mkurupuko kila jioni hadi cheche zitokee ndani ya kioo.

Balbu ya mafundi

Mashine iliyokaa stoo kwa miaka haipaswi kuchomekwa moja kwa moja ukutani, hata ikiwa na themista. Mafundi wa zamani wana kifaa chao cha kujitengenezea: soketi iliyounganishwa kwa mfuatano na balbu ya uzi ya wati 60 au 100. Mashine ikiwa nzima, balbu humulika kwa nguvu kwa muda mfupi, kapasita zinapojaa, kisha hufifia. Ikiwa kuna waya zilizogusana au transfoma iliyoungua, balbu hubaki ikiwaka kikamilifu, na umeme unaoweza kuifikia mashine hauzidi ampea 0.42 kwa balbu ya wati 100. Hakuna moshi, hakuna fyuzi iliyopotea. Balbu yenyewe lazima iwe ya uzi. Zile za kubana matumizi na za LED hazina tabia hiyo na hazifai kitu hapa, na kwa kuwa za uzi zinazidi kuadimika, mafundi wengi wameziweka kabatini kama mbegu.

Wengine hutumia transfoma ya kupandisha volti kwa kuzungusha gurudumu, wakianzia chini. Ni chombo kizuri kwa kuziamsha kapasita zilizolala, ila transfoma nyingi za aina hiyo hazimtenganishi mtumiaji na umeme wa ukutani. Redio zile zisizo na transfoma huweza kuwa na fremu ya chuma iliyoshika umeme moja kwa moja, na skrubu moja iliyolegea nyuma ya kitasa inatosha kuua. Kapasita nazo hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi ya ndani ni ya fundi mwenye mita, na anayepima kabla ya kugusa.

Fyuzi na swichi

Mashine inayokata fyuzi kila inapowashwa huwasukuma watu kwenye jawabu baya kuliko yote: fyuzi kubwa zaidi, kipande cha waya, au ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kuanzia hapo, kitakachokatika kwanza ni koili ya transfoma. Mara nyingi tatizo ni aina ya fyuzi wala si ukubwa. Fyuzi iliyoandikwa herufi T kabla ya namba, mathalan T500mA, hukawia kukatika na huvumilia mkurupuko wa kawaida. Yenye F hukatika upesi. Mashine iliyopangiwa T ikitiwa F ya ukubwa uleule itasumbua bila kuwa na kasoro. Katika plagi ya miguu mitatu pia, ile fyuzi ya ampea 13 inayokuja nayo ni kubwa mno kwa redio. Ya ampea 3 inatosha.

Swichi nayo ina mateso yake. Redio nyingi zina swichi iliyojengwa nyuma ya kitasa cha sauti, na ikiungua kwa cheche za kila siku, kupata nyingine inayofanana ni shida. Wenye busara huiacha ikiwa imewashwa na kutumia swichi ya ukutani, ambayo hubadilishwa kwa bei ndogo. Baadhi ya mashine zina kapasita ndogo iliyofungwa sambamba na swichi ili kumeza cheche. Zile za karatasi zilizofunikwa kwa plastiki inayopitisha mwanga, zikiwemo nyingi za Rifa, hupasuka kwa uzee na kutoa moshi mwingi wenye kunata, wakati mwingine mashine ikiwa imezimwa lakini plagi iko ukutani. Mahali pake huwekwa ya aina ya X2 iliyopangiwa volti 275 za mkondo geu. Kapasita ya kawaida, hata ikiwa imeandikwa volti 400, si mbadala wake.

Fundi akimaliza, ni vyema abandike ndani ya mgongo wa mashine kijikaratasi kinachoeleza alichofanya: themista ya omu ngapi na iko wapi, fyuzi ya aina gani, kibao cha volti kimewekwa wapi, na tarehe. Redio hizi huhama kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu na kutoka mji mmoja hadi mwingine, na atakayeifungua baada ya miaka 20 hatakuwa yeye.